Shamba la Katikati

Mimi sijui kukaa. Mama yangu alikuwa akisema niliumbwa miguu kwanza, mwili uliobaki ukafuata kwa kulazimishwa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka kwenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka, na jiko lenyewe sijaliwasha.

Nadhani ni kile kijiji cha handaki kilichoniharibu. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, nilikuwa msichana mdogo. Tulitolewa kwenye migongo yetu ya vilima huko Tetu tukasongamanishwa ndani ya ua mmoja, nyumba ikigusa nyumba, handaki lenye vigingi vilivyochongwa likatuzunguka pande zote. Kutoka nje ilikuwa kwa ruhusa na kwa saa. Hapakuwa na mbuzi wa kuchunga wala mto wa kwenda, ila kipande cha uwanja mbele ya kituo cha askari, na hapo ndipo nilipojifunza mpira. Ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa nyuzi za mgomba. Tulicheza wavulana kwa wasichana, na watu wazima walikuwa wamechoka mno kuniambia kwamba msichana hapigi teke. Tulipofunguliwa wengine walirudi mashambani wakatulia. Mimi sikutulia tena.

Kwa hiyo, miaka kama kumi baada ya uhuru, nilipokuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja karibu na Wamagana, mwalimu wetu wa michezo alihamishiwa upande wa Mukurweini, na mkuu wa shule akauliza nani atachukua timu ya watoto wadogo. Nilijikuta nimesimama kabla hajamaliza swali. Walimu wanaume wakaangaliana.

"Mwalimu," mkuu akasema, "umesimama ama unaenda nje?"

"Nimesimama."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilichukua filimbi kwenye msumari ilipokuwa ikining'inia, nikaivaa shingoni, nikatoka.

Lazima nieleze timu ya watoto wadogo ilikuwa nini. Siku hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wa mjini. Umri wa mtoto ulipimwa kwa ufito. Refa alikuja nao, akaushika umelala kati ya nguzo mbili za goli, na wachezaji wakapita chini yake mmoja mmoja. Anayepita bila kuinama ni mtoto, acheze. Anayeugusa kwa nywele ni mzee, akakae na watazamaji. Nimeona mama akimnyoa kijana wake kwa wembe pale pale uwanjani ili apite. Ufito haukuuliza jambo jingine lolote. Hilo jingine, la nani ametahiriwa na nani bado, watoto waliulizana wenyewe.

Mwanangu wa kwanza alikuwa akipita chini ya ufito huo bila shida. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mfupi kama babake, miguu minene, na macho ya kuona mpira unapokwenda kabla wenyewe haujajua. Nyumbani aliniita mama. Shuleni aliniita mwalimu, kama wengine wote. Njiani, asubuhi na jioni, tukiwa wawili tu kati ya mibuni, hakuniita chochote. Tulitembea tukipigiana mpira, yeye mbele mimi nyuma, na wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walitikisa vichwa. Sikuwajali. Babake alikuwa karani wa stoo Nanyuki na alirudi mwisho wa mwezi, na njia ile ndiyo iliyokuwa nyumba yetu hasa.

Sasa, mtu ambaye hajawahi kufundisha watoto wadogo mpira anafikiri wanacheza. Hawachezi, wanaufuata. Siku ya kwanza niliwatupia mpira wote wakaukimbilia, kipa wetu na kipa wa upande wa pili wakiwamo, wakawa rundo moja la vumbi na vifundo vya miguu. Mpira ulipotoka kando, rundo liliendelea kupigana mateke. Nilipuliza filimbi hadi mashavu yakaniuma. Yule mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewachorea ubaoni namba na mishale, na hakuna aliyekumbuka hata moja.

Nilikwenda nyumbani nikazunguka boma usiku mzima na mawazo yangu, nikimsumbua hata ng'ombe. Asubuhi nilibeba debe la majivu kutoka jikoni, nikaugawanya uwanja vipande vipande kwa mistari ya majivu.

"Haya ni mashamba," nikawaambia. "Kila mtu nitampimia lake."

Walinyamaza wote mara moja. Wazazi wao walikuwa wamepimiwa mashamba miaka si mingi iliyopita. Hakuna nyumba kwetu iliyokosa kesi ya mpaka, na mtoto wa miaka minane alijua kwamba kusogeza kigingi cha jirani ni balaa la vizazi. Waliingia kila mmoja kwenye kipande chake wakasimama wima, vifua mbele, wenye mali. Beki wangu wa kushoto, mtoto wa funza na kamasi, alianza hata kung'oa magugu kwenye lake.

Nikatupa mpira. Ukadunda, ukasimama kwenye kona ya shamba la jirani yake, hatua chache tu kutoka miguuni mwake. Hakusogea.

"Chukua!" nikapiga kelele.

"Mwalimu, mpira iko kwa shamba ya yeye," akasema, akionyesha kwa kidole. "Mimi siwezi ingia. Ati nikiingia babake ataniita kwa chifu."

Na mwenye shamba alikuwa ameenda kujisaidia. Tukaungoja mpira, watoto wote wametulia kwa adabu, hadi aliporudi akaupiga. Nilicheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Ilinichukua muhula mzima kuwafundisha kwamba mpira ni kama mtu anayeenda mtoni. Huyo hana shamba, anapita kwa kila mtu, na unaweza kumsindikiza hadi kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Lakini ukishamsindikiza, rudi kwako, usijenge nyumba kwa wenyewe. Wakaelewa. Nikapata kelele yangu ya kazi, ambayo watu wa mgongo wa pili walidai kuisikia wakikamua ng'ombe: "Rudi kwa shamba yako!" Kiswahili changu cha darasani kilikuwa sanifu kabisa, ila uwanjani nilisema kama wao, kwa maana sarufi ni ndefu na mpira hauningojei.

Aliyepigiwa kelele hiyo kuliko wote alikuwa mwanangu. Nilimpa shamba la katikati, ambalo ndilo kubwa na lenye wageni wengi. Nilimkemea mara mbili ya wengine, mtu asije akasema namdekeza. Naye alipenda kutangatanga. Alikuwa na miguu yangu, maskini. Alikuwa akisindikiza mpira hadi golini kwa wenyewe, afunge, kisha asimame huko akishangaa milima, nami nikimlilia kwa jina lake la utoto, "Wee, rudi kwa shamba yako!" Alirudi mbio akicheka.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mpaka nisioweza kuuheshimu. Uwanja wetu ulikuwa mteremko, na laini ya upande wa chini ilikuwa safu ya matoka, ile mimea ya majani marefu ambayo wazee hupanda mpakani na ambayo mtu mwenye akili timamu hang'oi. Ng'ambo ya matoka ilikuwa kahawa ya jirani, kisha mto. Mwalimu wa timu alitakiwa kusimama ng'ambo hiyo. Nilisimama hapo kwa muda wa kuhema mara tatu, halafu nilikuwa ndani, nikikimbia sambamba na mpira, gauni nimelishika mkononi. Refa wetu, bwana mmoja wa kilimo aliyekuja kwa pikipiki kutoka mjini Nyeri, alikuwa akinirudisha kwa kunisukuma kwa kiganja hewani bila kuniangalia, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Watoto wale wakashinda. Waliishinda shule ya karibu, wakaishinda ya mbali, na mwezi wa Novemba tukafika fainali ya kikombe cha wadogo, uwanjani kwetu, dhidi ya ile shule ya upande wa Mukurweini. Kocha wao alikuwa yule yule mwalimu wetu wa michezo wa zamani, amenona huko kwa maziwa na ndizi. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Nimesikia unagawa mashamba," akasema.

"Wewe ulikuwa unagawa namba, na hazikuota."

Walifunga wao, akasawazisha mwanangu. Kisha mvua ya vuli ikashuka kutoka mlimani, mvua yenye hasira, uwanja ukageuka mfereji na mpira ukaanza kwenda mtoni wenyewe. Bwana wa kilimo akauokota, akauficha ndani ya koti, akatangaza kwamba mechi itachezwa upya shule zikifunguliwa Januari.

Watoto walishangilia, kwani kwao kikombe kilikuwa bado kipo. Mimi nilisimama mvuani nimeshika filimbi, nikihesabu miezi kwa vidole, maana kati ya Novemba na Januari kuna Desemba.

Kwetu mvulana asiyetahiriwa huitwa kihii, na neno hilo akilitamka mkubwa, mara nyingi kofi huwa limetangulia. Desemba, shule zikifungwa, wanaofikia umri hupelekwa. Akitoka huko si kihii tena, na hachezi na vihii. Hali nao sahani moja, hawakimbizi, hakimbizwi nao. Akijisahau, wenzake wa rika humkumbusha, na si kwa maneno. Mama naye hupimiwa mipaka yake. Kijana hujengewa kibanda chake na mama haingii humo. Hamwiti tena kwa jina la utoto, wala hampigii kelele mbele za watu. Haya niliyajua tangu nikiwa mtoto. Niliwaona kaka zangu wakiyapita na nilipika chakula cha sherehe. Lakini sikuwahi kuyajua nikiwa mama.

Sikumkatalia mwanangu utu uzima. Nilitaka mechi moja tu. Nilitaka amalize ile aliyoianza, katika shamba lake la katikati, mimi nikimpigia kelele, kisha wamchukue likizo ya Agosti na Mungu awabariki. Niliona ni ombi dogo.

Nilianza na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyesimamia mambo hayo ya ukoo. Nilimkuta akipogoa mibuni. Nikamweleza nikitembea huku na huku kati ya mistari, naye akipogoa, hadi akachoka kugeuza shingo.

"Mwalimu, simama kwanza," akasema. "Unanizungusha kichwa. Unataka angojee Agosti kwa sababu ya mpira?"

"Kwa sababu ya fainali."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema, akarudi kwenye kahawa yake. Nilimwambia kwamba methali zimewekwa kwa watu wasio na hoja. Hakuudhika, na hilo liliniudhi zaidi.

Nikaenda Nanyuki kwa mume wangu. Alinisikiliza akiwa ameketi juu ya magunia ya ngano, akaniletea chai, akanicheka kwa upole.

"Mama, kijana wangu akae kihii mwaka mzima ndiyo wewe ushinde kikombe?"

"Si mwaka. Ni mpaka Agosti."

"Na wenzake wakimcheka njiani, utawapulizia filimbi?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu zuri sana, lililonijia nikiwa tayari nimefika Kiganjo. Siku hizo ndivyo majibu yangu mazuri yalivyokuwa, yanachelewa.

Akabaki mwanangu mwenyewe. Tulikuwa kwenye njia yetu ya mibuni, muhula umekwisha, mpira miguuni mwake. Nikamwambia anaweza kukataa. Nikamwambia mimi nitasimama naye, aseme tu anataka kungoja. Alisimamisha mpira kwa unyayo akauangalia.

"Mama, wenzangu wote wanaenda," akasema. "Nikibaki nitacheza na nani?"

Akanipigia mpira, taratibu, ukaja hadi miguuni mwangu. Nikaurudisha. Tukafika nyumbani tukipigiana hivyo hivyo.

Asubuhi waliyowapeleka wavulana mtoni nilikuwa kwenye mibuni, mbali, mahali ambapo mama anaruhusiwa kuwa. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilitembea kutoka mstari wa kwanza wa kahawa hadi wa mwisho na kurudi, nikasikia wimbo wa wanaume wa kuwasifu waliostahimili kisu ukipanda kutoka bondeni, nikajua hakulia. Nilijivunia hilo. Pia nilitaka kuvunja kitu. Nikachuma kahawa mbichi, kijani kabisa, nikajaza kikapu kizima kabla shemeji hajanikuta na kuninyang'anya.

Januari ilifika kavu, mlima umejitokeza wote, theluji yake ikimeta asubuhi. Mwanangu alikuwa amejengewa kibanda kando ya migomba. Alivaa suruali ndefu na kofia, akatembea polepole, mikono nyuma, akanisalimu kwa heshima niliyokuwa nikimfunza tangu anyonye. Nilimjibu kwa heshima hiyo hiyo. Chakula chake kilipelekwa na dada yake mdogo. Njia ya mibuni nilipita peke yangu, na mara ya kwanza nilijikuta nimeshika kokoto kwa ncha ya kiatu nikalipiga mbele, kisha nikangoja lirudi.

Uwanjani nilirudia kuchora mashamba kwa majivu. Watoto wakaingia kila mmoja kwake. Katikati hakuingia mtu. Nilipotupa mpira, ulikwenda huko moja kwa moja, ukadunda, ukasimama, na watoto wakaupita kandokando kama maji yanavyopita jiwe.

"Nani yuko katikati?" nikauliza. Nilijua.

"Hakuna," akasema beki wangu wa kushoto. "Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe hachezi tena. Ingia wewe."

Akakanyaga ukingo wa mstari wa majivu, akarudi nyuma. "Na akirudi, mwalimu?"

Nilimwambia hatarudi. Nilimwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wote wakaniangalia. Kisha nikalazimika kukaa kwenye nyasi, jambo ambalo hawakuwahi kuniona nikilifanya, na mmoja akaniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Wale watoto hawakuwa wakaidi. Walijua tu kwamba shamba halihami mkono hivi hivi kwa sababu mwanamke mwenye filimbi amesema. Kwa hiyo siku iliyofuata tulifanya ilivyopasa. Nilileta viazi vitamu vilivyochomwa. Tukakaa duara katikati ya uwanja kama baraza la wazee, beki wa kushoto akasimamishwa, kila mtoto akaulizwa kama ana neno, na mmoja alikuwa na neno refu kuhusu penseli yake. Tukala viazi. Nikatangaza kwamba shamba hili limetoka kwa yule na limeingia kwa huyu mbele ya mashahidi. Beki akaingia. Akatazama kushoto na kulia, akapiga chafya, akaanza kung'oa magugu. Watoto wakapiga makofi, mimi nikapiga nao.

Siku ya mechi, watu walijaa hadi juu ya mteremko. Vijana waliotahiriwa Desemba walikaa pamoja upande wa juu, kofia zao zimeinamishwa, wakijifanya hawana haja na mchezo wa watoto. Mwanangu alikuwa katikati yao. Sikumwangalia. Yaani nilimwangalia kila nilipojua haniangalii.

Bwana wa kilimo hakuja. Tulimngoja hadi jua likahama, ndipo mtu wa baiskeli akatuletea habari kwamba pikipiki imekufa mjini. Mzee mmoja alijitolea kuwa refa, lakini alimpa mkono mwalimu wa Mukurweini akidhani ni mimi. Mkuu wetu alikataliwa na wageni, mwalimu wao alikataliwa na sisi. Mimi nilijitaja. Wote wakajifanya wamesikia ndege.

Ndipo yule mwalimu wa zamani akaonyesha upande wa juu kwa kidevu. "Yule kijana yako anajua sheria kuliko sisi wote. Apulize."

"Ni mwanangu," nikasema. "Utasema nini akitupendelea?"

"Mtu ametoka kwa kisu juzi, na marika wake wamekaa pale wanamwangalia?" Akatabasamu. "Huyo hawezi danganya hata akitaka. Na sasa yeye ni mtu mzima, hata mimi siwezi mkataa."

Wakamwita. Alishuka polepole, kama wanavyoshuka watu wazima. Nikavua filimbi shingoni nikamnyooshea. Aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akaifuta mdomo wake kwa upindo wa shati kabla hajaitia kinywani. Ilikuwa filimbi ile ile aliyokuwa akiipuliza kwa siri mwaka uliopita, bila kuifuta. Kuifuta kule kuliniuma, siwezi kusema vinginevyo.

Alishika ufito, watoto wakapita chini. Na mwenyewe bado angepita, kama angejaribu.

Mechi ilikuwa ngumu. Mtoto wa katikati alilima shamba lake vizuri hadi nikasahau machozi yangu, tukafunga, wakasawazisha. Nilivuka matoka sijui mara ngapi. Kila nilipovuka mwanangu alinyoosha kiganja bila kuniangalia, kama alivyokuwa akifanya bwana wa kilimo, nami nikarudi nikinung'unika. Miguu iliniwasha. Kila mara nililimeza jina ambalo sikuruhusiwa kulitamka.

Jua likielekea kuzama, mpira wa juu uliingia kwenye eneo la lango letu. Yule beki wangu, mwenye shamba jipya, alikuwa amemsindikiza mgeni hadi huko, na katika kuruka akaupiga mpira kwa mkono. Niliuona mkono. Nilikuwa karibu kuliko wote, maana nilikuwa tayari nimevuka matoka. Watu wa juu hawakuuona, mgongo wa kipa uliwaziba, na hata wale wa Mukurweini hawakudai kitu. Mwanangu alikuwa ameuona. Aligeuka akaniangalia, mara moja tu, na uso ule ulikuwa wa njia ya mibuni, uso wa mtoto anayengoja mpira urudi. Kisha akapuliza, akaonyesha penalti.

Ningesema nilitulia. Sikutulia. Nilikuwa mbele ya lango kabla filimbi haijakwisha kulia, nimeshika gauni, nikimpigia kelele penalti gani, penalti ya nini, na juu ya hayo yote, mbele ya ukoo wa babake na marika wake wote, nikamwita kwa jina lake la utoto.

Huko juu kofia ziliinuka. Niliona shemeji yangu amefunika macho kwa kiganja. Mwanangu hakusogea. Hakuona haya, wala hakukasirika. Alingoja nimalize, kama mimi nilivyokuwa nikiwangoja watoto wamalize kulia, kisha akasema, si kwa ukali, kwa sauti iliyokuwa imeanza kuvunjika ikatoka nzito mwishoni:

"Mwalimu. Rudi kwa shamba yako."

Watoto ndio walioanza kucheka. Wote, wetu kwanza, kwa sababu hakuna mmoja wao ambaye hakuwahi kuambiwa hivyo na mimi. Kisha wakacheka wa Mukurweini, kisha watu wazima, hadi shemeji. Yeye mwenyewe hakucheka. Alisimama ananiangalia kwa utulivu, mkono umenyooka kuelekea matoka, akihakikisha nimeenda.

Nikaenda. Nilivuka yale majani marefu, nikageuka, nikasimama ng'ambo mikono kifuani. Mtoto wa Mukurweini akapiga, mpira ukaingia kushoto, kipa wetu alikuwa ameruka kulia. Mchezo uliobaki niliutazama wote nikiwa hapo hapo, hadi kikombe kikaondoka na wa Mukurweini. Watu wanasema ndiyo siku pekee waliyoniona nimesimama mahali pamoja. Walidhani nimeona aibu.

Jioni nilimpakulia githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi, nikampa dada yake apeleke kibandani. Alirudi na sahani tupu, na juu ya sahani filimbi, imeoshwa.

"Ati anasema asante, mama," mtoto akasema. "Na anauliza kama mkono uliuona."

Nikamwambia akamwambie kwamba niliuona. Akakimbia kwenda, nami nikakaa chini.